Guka Azungumza Kutoka Jikoni

Laptopu ya nyumba yetu ina wenyewe wanne. Kifungua mimba, anayesoma Chuo Kikuu cha Embu, anasema ni yake kwa sababu ya masomo. Mama watoto anasema ni yake kwa sababu hesabu za chama zimo humo. Kitinda mimba hasemi neno, yeye huichezea michezo tu mpaka ipate moto kama kikaango. Wa nne ni shemeji, aliyekuja hapa kwetu Manyatta kutusaidia msimu mmoja wa kuchuma majani chai na hadi leo hajaulizia nauli ya kurudi kwao.

Jumamosi moja Shosho, yaani nyanya wa watoto, aliteremka kutoka kwake kule juu, karibu na msitu, na CD iliyofungwa kwa leso. Kwa kweli ilikuwa DVD, lakini kwetu kila kitu cha mviringo kinachong'aa ni CD. Shosho huiweka sandukuni pamoja na karatasi za shamba. Ni video ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya dada yangu, iliyopigwa mwaka 2009, na ndani yake yumo marehemu Guka, babu yao, na koti lake la kijivu na bakora. Kesho yake ukoo ungekuja kula mukimo kwetu, na Shosho alitaka wote wamwone mzee akizungumza.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba laptopu yetu, kama nyingi za siku hizi, haina mahali pa kuingizia CD. Shemeji akasimama. Yeye ndiye mtaalamu wetu wa kompyuta, cheo alichojipa mwenyewe. Akachukua CD, akachomoa flashi yake mfukoni, akaenda sokoni kwa fundi anayehamisha picha na nyimbo.

Alirudi akipiga mluzi. Ndani ya flashi tukaona folda inayoitwa VIDEO_TS, na humo faili zenye majina kama namba za magari. Akabonyeza moja mara mbili. Mashine ikauliza aifungue kwa programu gani. Shemeji hapendi kuulizwa maswali, akachagua iliyokuwa juu kabisa. Skrini nzima ikajaa alama, herufi zilizopinduka na vidoti.

"Hiyo ni lugha gani?" Shosho akauliza.

"Ya kompyuta, mama."

"Na Guka aliisomea wapi?"

Hapo ndipo shemeji alipotangaza kwamba kinachokosekana ni kodeki. Neno hilo alilisikia mahali, na kwa haki yake, halikuwa neno la bure. Video huwa imebanwa ili ienee kwenye diski, na kodeki ndiyo inayojua jinsi ilivyobanwa na jinsi ya kuikunjua. Ni kweli pia kwamba tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft iliacha kuweka ndani yake uwezo wa kucheza DVD, kwa hivyo wengi hukwama papo hapo. Lakini kujua jina la dawa si kujua duka. Shemeji aliingia kwenye intaneti, akaona kitufe kikubwa cha kijani, akakibonyeza. Kabla chai haijapoa laptopu ilikuwa ikitutangazia michezo ya kamari, na king'ora kinalia kwamba tumeshambuliwa na virusi. Mama watoto aliposikia kwamba hesabu za chama ziko hatarini, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Kifungua mimba ndiye aliyetuokoa. Aliifuta ile takataka, akapitisha kizuia virusi, kisha akaenda kwenye tovuti ya VideoLAN yenyewe na kupakua VLC. Alama yake ya koni ya rangi ya chungwa na nyeupe ilipotokea, Shosho akasogeza miwani.

"Barabara imefungwa?"

Hakukosea sana. Programu hiyo ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, waliotaka kutazama video kupitia mtandao wa chuo chao, na ile koni inatokana na zile za barabarani ambazo wanafunzi hao walikuwa wamezikusanya. Mwaka 2001 waliifungulia dunia, na hadi leo ni ya bure na haina matangazo. Inapendwa kwa kuwa imebeba kodeki zake yenyewe, hivyo haikutumi kwenda kuzitafuta kwingine.

Tukaketi. VLC ikafunguka, skrini nyeusi. Tukangoja. Nyeusi. Shemeji akasema programu za bure ndivyo zilivyo.

Kifungua mimba akaangalia ukubwa wa faili, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Zote zilikuwa za IFO na BUP, yaani zile zinazohifadhi mpangilio wa diski, kilobaiti chache tu kila moja. Picha na sauti hukaa katika faili za VOB, ambazo hufika hadi gigabaiti moja kila moja, na hata moja haikuwemo. Flashi ilikuwa imejaa, fundi akahamisha zilizoenea. Na ilijazwa na nini? Na filamu zilizosimuliwa na DJ Afro, za kung fu na za wanajeshi, moja baada ya nyingine.

Shemeji aliomba zihurumiwe. Alisema nyingine hazipatikani tena. Shosho hakupandisha sauti.

"Baba, hao Wachina wako walinilipia mimi mbuzi?"

Filamu zikafutwa. Safari hii alitumwa kifungua mimba, akarudi na gigabaiti nne na ushei.

Jumapili sebule ilijaa. Jikoni mama watoto na majirani wawili walikuwa wakimenya viazi. Ile koni ya VLC ikabonyezwa, na picha ikaja safi kabisa. Guka huyo, amesimama mbele ya wageni, mdomo unacheza, lakini kimya. Kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema ongeza sauti, mwingine akasema izime uiwashe.

Ghafla jikoni sufuria ikaanguka. Majirani wale wawili wakapita sebuleni mbio, mmoja na kiazi mkononi, bila kutusalimu. Nyuma yao, kutoka juu ya kabati la vyombo, sauti nzito ya Guka ilikuwa ikiuliza lile swali ambalo mwenye boma huwauliza wageni wa ruracio: "Nyinyi mmetoka wapi, na mnatafuta nini hapa kwangu?"

Usiku uliotangulia kitinda mimba alikuwa ameunganisha laptopu na spika ya Bluetooth ambayo mama yake huiweka jikoni kwa nyimbo za injili. Programu haikuwa na kosa. Ilipeleka sauti mahali ilipoambiwa. Ilipozimwa spika, mzee akarudi kusema kwenye laptopu.

Kitinda mimba naye, akitaka kufidia, akagusa vitufe. Guka akaanza kusema polepole, akivuta maneno kama mlevi. Shosho akawaka: mzee hakuonja pombe ya asali siku hiyo mpaka mahari ilipokubaliwa! Kitufe cha alama ya sawasawa hurudisha mwendo wa kawaida. Kilipobonyezwa, heshima ya marehemu ikarudi. Majirani walirudi pia, wakati wa mukimo.

Ewe uliye na CD ya harusi au ya mazishi sandukuni, ile iliyochomwa mtaani haidumu milele, maana rangi inayobeba data hufifia, hasa kwenye joto na jua. Ihamishe wiki hii. Beba flashi tupu, omba folda nzima, na usiondoke kwa fundi kabla hujaona faili za VOB na kuzicheza mpaka mwisho. Kisha weka nakala ya pili kwa ndugu mwingine, na programu ya kuitazamia uichukue kwa wenyewe walioitengeneza. Shemeji muache achume chai.