Ndimu Ina Mwenyewe

Wanaoandika vitabu vya vinywaji ni watu ambao friji zao hazijawahi kulaza mbuta. Wanasema tu: chukua barafu. Uichukue wapi? Hapa Kisumu nafasi ya barafu imeshapewa samaki, na samaki huyo ameletwa na mtu ambaye huwezi kumwambia amtoe.

Kwangu aliletwa na wayo, dada yake baba, aliyeingia Ijumaa kutoka Usenge na vipande vya mbuta vya kutosha kulisha harambee. Alifungua friza, akazitazama trei zangu za barafu, akazisukuma kando kama makanga anayetafutia abiria wa mwisho mahali pa kukaa. Kesho yake jioni barafu ilitoka imeganda vizuri, nyeupe, yenye harufu kamili ya ziwa.

Nami nilikuwa nimewaita marafiki waje wanywe Dawa. Si ile ya moto ya tangawizi, unayoletewa mkahawani ukipiga chafya. Nasema ile baridi ya vodka, ndimu, sukari na asali, inayokorogwa kwa kijiti kilichochovywa kwenye asali. Umaarufu wake ulitokea Carnivore, mkahawa wa nyama choma wa Nairobi uliofunguliwa 1980, na nasaba yake inarudi kwa caipirinha ya Brazili. Wabrazili hutumia pombe ya miwa. Sisi majirani wa mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil tungekuwa wa kwanza kuwaiga, lakini historia ya pombe za kienyeji huku ina polisi wengi mno. Tubaki na vodka.

Nilitaka kuongeza majani ya bustanini: minti, rihani na mchaichai. Bustani yenyewe ni ukanda mwembamba kati ya tangi la maji na ukuta. Mchaichai ulistawi, na mchaichai ukistawi huwa mali ya ploti nzima. Jirani wa mlango wa pili huukata alfajiri kwa ajili ya chai. Mwingine ameambiwa kwamba unafukuza mbu, basi yeye hung'oa hadi mashina. Minti ilishughulikiwa na mbuzi. Rihani haikuguswa na yeyote, na ndiyo niliyoihitaji kidogo kuliko zote.

Ndimu za soko la Kibuye zilikuwa ngumu. Ndimu ya namna hiyo huviringishwa mezani huku ukiikandamiza kwa kiganja mpaka ilegee, ndipo hutoa maji. Shemeji, mume wa dada yangu, alijitolea kukamua. Jikoni kulikuwa na joto, akaona atoke nje na beseni, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, saa nane mchana. Sasa, maji na maganda ya ndimu yana kemikali zinazoitwa furanokumarini. Zikikaa juu ya ngozi na kupigwa na jua, huiunguza. Na Ikweta inapita hapo Maseno tu. Jua la huku halihitaji msaada wa ndimu. Siku ile hakuhisi kitu. Jumatatu mikono ilitoka malengelenge, kisha madoa meusi, na dada akanipigia simu kuuliza mumewe alikuwa na nani. Jaribu wewe kumweleza mwanamke kwamba mumewe ameunguzwa na ndimu.

Asali nayo ilikutana na baridi ikagoma, ikajibana chini ya glasi. Huyeyushwa kwanza kwa maji vuguvugu, kitabu hakikutaja. Tulipokuwa tukiichokora, stima ikapotea. Tukawasha taa ya sola, na wale visubi wa ziwani wakaiona kabla yetu. Hawaumi, hawana ubaya na mtu, ila wanapenda mwanga na hawaji wawili wawili. Wageni walikunywa wakiwa wamefunika glasi kwa visosa, wakifunua kwa zamu.

Wayo nilimpa yake isiyo na vodka. Akaonja, akaiweka chini kwa adabu.

"Nyathina, ndimu zote hizi umezikamulia barafu, na samaki yuko?"

Hakungoja jibu. Alichukua bakuli la maji ya ndimu lililosalia, akachuma ile rihani iliyokataliwa na mbuzi, akaomba pilipili na tochi. Mbuta akalala humo kidogo, akaingia kwenye mafuta. Marafiki wangu, waliokuwa wameanza kuangalia saa, walikaa hadi saa tano usiku, na hakuna aliyeulizia Dawa tena.

Kama nawe utajaribu, kamulia ndimu ndani ya nyumba na unawe kwa sabuni hadi viwikoni kabla hujatoka juani. Barafu inunue siku hiyo hiyo. Vodka si lazima.