Giga Nne Si Kilo Nne

Kenol, mji wa makutano ambako magari ya Murang'a huachana na yale ya Sagana, Karatina na Nyeri, una sifa ya nyama choma, na nyama hupimwa kwa kilo. Kilo ya mbuzi ni kilo ya mbuzi, iwe imekatwa upande huu wa barabara au ule. Tabia hiyo ni njema mpaka inapoingia katika duka la kompyuta. Hapo mteja husema, "Niwekee RAM ya giga nne," akalipa, akaondoka na kipande cha kijani ndani ya mfuko, na kufikia jioni nyumba nzima imekubaliana kwamba kompyuta imelogwa. Haikulogwa. Hoja yangu ni kwamba kompyuta kuukuu inapoikataa memori mpya, mara nyingi kosa limetendeka kabla parafujo ya kwanza haijafunguliwa, na dawa yake huanza kwa kupunguza, si kwa kuongeza.

Tuanze na kile kipande chenyewe. Kompyuta nyingi za saiba na za ofisi ndogo katika miji hii ni mitumba, zile zinazoitwa Ex-UK, na zimekwisha kula chumvi. Baadhi hutumia memori ya DDR2, iliyoingia sokoni mwaka 2003. Nyingi hutumia DDR3 ya mwaka 2007. Zilizo changa kidogo hutumia DDR4 ya mwaka 2014. Kwa kompyuta za mezani, DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 na urefu mmoja, ila kile kipengo kilichochongwa katikati ya pini kimesogezwa. Waliokisogeza walijua kwamba mwenye haraka hazuiliwi na maandishi, basi angalau azuiliwe na plastiki. Hata hivyo wapo wanaosukuma kwa dole gumba mpaka plastiki inasalimu amri. Kwenye laptop kuna mtego mwerevu zaidi: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L volti 1.35, lakini zote mbili huingia katika nafasi ileile bila kinyongo. Laptop zenye prosesa za Intel Core za kizazi cha nne zinataka ile ya 1.35. Ukizipa nyingine, kipande kitakaa vizuri kabisa, na kioo kitabaki cheusi vizuri kabisa.

Hata aina ikiwa sahihi, bado kuna hesabu. Windows ya biti 32 haiwezi kuhesabu anwani za memori kupita mbili kwa kipeo cha 32, yaani giga nne, na sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Ndiyo maana mtu huweka giga nane akaonyeshwa tatu na ushei, kisha akamtuhumu muuzaji kwa wizi. Windows 7 Starter, iliyokuja na zile laptop ndogo, haivuki giga mbili hata uiombee. Muuzaji hakuiba chochote. Ni mnunuzi aliyelipia vyumba ambavyo mwenye nyumba hana funguo zake.

Sasa tatizo limekwisha tokea, kompyuta inalia pii-pii, na washauri wamefika. Mmoja analaumu virusi, mwingine stima, wa tatu vumbi la barabara kuu, na kila mmoja anabadilisha kitu chake kwa wakati mmoja na wenzake. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu vitu vitano vikibadilishwa pamoja, hata mashine ikipona hakuna ajuaye kilichoiponya. Njia ya akili ni kurudi nyuma. Zima, chomoa waya, toa betri kama ni laptop, gusa chuma ili umeme tuli ukutoke mwilini. Ondoa memori mpya, rudisha ya zamani, uone kama inawaka. Ikiwaka, jaribu mpya peke yake, katika nafasi moja, kisha nyingine. Sugua pini taratibu kwa raba ya penseli na upanguse makombo. Kuna wanaoicheka raba hii wakidhani ni mambo ya mganga, lakini pini za shaba iliyopakwa dhahabu hushika uchafu, na mguso hafifu unatosha kuizuia kompyuta kuwaka. Mashine ikiwaka lakini ikazimika ovyo, programu ya kupima memori, Memtest86, iachwe ifanye kazi usiku kucha, stima ikikubali.

Uangalifu unahitajika pia kwa ile betri ya duara, CR2032, ambayo mafundi huitoa ili madabodi isahau mipangilio yake. Husahau kweli, pamoja na tarehe. Kompyuta inaamka ikiamini kwamba bado ni mwaka 2010, na tovuti za serikali zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama havilingani na saa hiyo. Jambo hili likitokea tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, foleni ya saiba haitavutiwa na maelezo ya kitaalamu.

Atasema mtu: mbona fundi wa jirani huweka chochote na inakubali? Hukubali, naam, kwa sababu DDR3L huvumilia volti 1.5, na kwa sababu fundi huyo hasimulii zile zilizokataa. Mwingine atasema ni heri kununua kompyuta mpya. Kwa mashine ya DDR2 namuunga mkono bila ubishi. Prosesa zake zimechoka, na memori haimpi mzee magoti mapya. Ni kweli pia kwamba Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa rasmi prosesa nyingi za kabla ya kizazi cha nane. Lakini Linux ya biti 64 haina maringo hayo, na mashine ya DDR3 yenye giga nane na diski ya SSD bado inaandika barua, inachapisha vyeti na kufungua eCitizen bila kukohoa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, andika kwenye karatasi mambo manne: aina ya memori iliyomo, volti zake, kiwango cha juu ambacho madabodi inakubali, na kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Mpe muuzaji karatasi hiyo. Akiuliza tu "giga ngapi?", shukuru na uende duka la pili.