Ushasevu, Bwana Fundi?

Mabibi wa kisiwa cha Chula wangali wananicheka. Walivuka kwa mashua hadi duka letu la intaneti Kismayu kuitazama kwa video harusi ya mjukuu wao iliyokuwa Mombasa, na bibi harusi ndio kwanza anatolewa ukumbini, jenereta ikazimwa kwa kuwa umeme wa kampuni umerudi. Taa zikawaka, feni ikazunguka, intaneti kimya. Nikachomeka waya wa konsoli kwenye laptopu. Ruta ilikuwa haijui chochote: yaniuliza kwa Kiingereza kama nataka kuanza kuipangia mambo.

"Lasema nini, mwanangu?"

"Lauliza, bibi, kama tuanze upya."

"Liambie wenziwe washafika kwenye biriani."

Mwenye duka naye, mbele ya watu wote: "Ushasevu, bwana fundi?"

Nilisevu, wallahi! Na hapa ndipo pana utamu wenyewe. Unachoandika kwenye ruta ya Cisco hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, inayofutika umeme ukikatika. Ukisevu, nakala inakwenda kwenye kumbukumbu nyingine isiyoogopa giza. Mafundi wengi huishia hapo. Lakini kuna namba, rejista, ambayo ruta huisoma kabla ya faili lolote. Kwa kawaida ni 0x2102. Ile 2 ya mwisho huiambia ifuate amri za kuwakia ulizoziandika, na zisipokuwepo ichukue mfumo inaoukuta kwenye flashi. Ingekuwa 0, ingebaki kwenye rommon, programu ndogo ya kuwashia, ikisubiri mtu. Uchawi uko kwenye tarakimu ya tatu. Geuza sifuri iwe 4, ipatikane 0x2142, na ruta itawaka bila hata kutupia jicho ulichosevu. Kipo, kizima, hakina kasoro, hakisomwi tu. Njia hiyo ni halali, imewekewa fundi aliyepoteza nywila: anawasha ruta ikiwa tupu, anaingia, anapakia mipangilio ya zamani, anaweka nywila mpya, kisha anairudisha rejista kwenye 0x2102.

Ruta yetu ni mtumba wa ofisi fulani, na fundi wa huko alifanya yote hayo ila hilo la mwisho. Kusevu nako hakuigusi rejista. Nikaandika show version, nikawaonyesha mstari wa mwisho: 0x2142. Mabibi wakautazama kwa adabu, wakauliza bibi harusi amevaa rangi gani.

Ile 4 inanikera kuliko inavyostahili. Tangu mkutano wa amani wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, viti vya Bunge la Somalia hugawanywa kwa hesabu ya nne na nusu: koo nne kubwa kila moja fungu lake zima, na sisi Wabajuni tumebanwa ndani ya ile nusu pamoja na wachache wenzetu. Serikali zinawashwa, zinazimwa, zinawashwa tena. Tupo, tumehifadhiwa vizuri kabisa. Hatusomwi.

Baadaye mtu aliyetaka nafasi kwenye flashi akafuta faili la mfumo lililokuwa peke yake. Hiyo ikawa zamu ya rommon. Halafu dizeli ikaisha.

Nawe unayetaka kununua ruta ya mtumba, usitoe pesa kabla ya kuandika show version ukasoma mstari wa mwisho. Ukiiona 2142, dai upunguziwe bei.