Siku 29 za Mkono Mtupu

Kiangazi kinapokolea na maji ya Bonde la Yaeda kubaki kwenye madimbwi machache, wanaume wa Kihadzabe, wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, huanza kuvizia usiku. Mnyama mwenye kiu hana ujanja, lazima aje. Kwa mwindaji huo ndio msimu mwema kuliko yote. Hata hivyo mambo huenda mrama kwa namna ambayo mkazi wa mji jirani wa Haydom, aliyezoea kuagiza nusu kilo ya nyama buchani na kudai aongezewe mfupa, hawezi kuiamini.

Watafiti watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walifuatana na wawindaji hao karibu na Ziwa Eyasi katika miaka ya 1980, wakawa wanaandika kila kinachoingia kambini. Hesabu waliyoichapisha mwaka 1991 ingemfukuzisha kazi mtu yeyote aliyeajiriwa: mwindaji anayetoka kila siku hupata mnyama mkubwa kama mara moja kwa siku 30. Siku 29 zinazobaki hurudi na vumbi, miiba na maelezo.

Maelezo yenyewe ni rahisi kuyapata, maana marafiki wa kulaumiwa wapo.

Balaa la kwanza huanzia kambini, kabla hata ya kuona kwato. James Woodburn, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza aliyefika kwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza mchezo wao wa kamari uitwao lukuchuko. Vipande vya magome hurushwa vikagonga shina la mti, na namna vinavyoangukia ndiyo inayomtoa mshindi. Woodburn aliona kwamba wakati wa kiangazi wanaume wengi walikuwa mchezoni kwa muda mrefu kuliko walivyokuwa porini. Dau lao kubwa ni mishale ya chuma yenye sumu, ile ile ya kuulia wanyama wakubwa. Upinde hauwekwi dau, wala mishale isiyo na ncha ya chuma. Basi mtu aliyeamka akiwa na silaha kamili anaweza kufika adhuhuri akiwa na upinde mzuri, na mishale ya kumtosha kanga tu. Tandala akipita, atamsalimia.

Aliyebakiwa na mshale wa sumu huenda kwenye maji na mwenzake, wakajibanza nyuma ya mawe au matawi upande ambao upepo hauwasaliti. Upepo ukigeuka, pundamilia ameshapata habari. Usipogeuka, kuna mbu. Na mbu asipotosha, kuna kikohozi cha rafiki kilichokaa kimya tangu magharibi kikisubiri saa ya kwato kusikika.

Hata kulenga shabaha hakumalizi kazi. Sumu, ambayo moja ya vyanzo vyake ni utomvu wa waridi la jangwani uliochemshwa hadi ukawa mzito kama lami, haimwangushi mnyama papo hapo. Wawindaji husubiri, kisha hufuata matone ya damu na nyasi zilizolala, mara nyingine hadi siku ya pili. Hapo huzuka ubishi: mmoja anasema kapita huku, mwingine anasema kule, na fisi, ambaye hakuulizwa, tayari amefika mezani. Lakini Wahadzabe nao hulipiza. Wakiona tai wanazunguka au wakisikia simba usiku, huenda wakawafukuza kwenye windo lao na kubeba wanachokikuta.

Rafiki mmoja tu ndiye anayeaminika, naye ni ndege: kiongozi-asali. Utafiti wa Brian Wood na wenzake wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Mhadzabe anayemfuata hupata mizinga ya nyuki kwa kasi iliyozidi mara tano. Wahadzabe humwita kwa mluzi. Na ujira wake? Mara nyingi nta iliyobaki huzikwa au huchomwa moto, ili ndege alale njaa na kesho arudi kazini. Waajiri wa mjini hawakuanza leo.

Kisha inawadia ile siku ya 30. Mwenye bahati, kwa maelezo ya Woodburn, hafiki akipiga kelele. Huketi kimya miongoni mwa wanaume wenzake na kuiacha damu iliyo kwenye mshale iseme. Wenzake huisoma haraka kuliko barua ya urithi. Kambi nzima hubeba visu kwenda kwa mnyama, na hakuna anayemwomba mwindaji ruhusa. Sehemu teule, ukiwemo moyo, ni nyama ya epeme, huliwa kwa siri na wanaume walioruhusiwa kimila. Aliyekesha na mbu hupata fungu lake kama yule aliyekuwa akikohoa.

Simulizi za namna hii zikifika Haydom, mji uliokua kandokando ya hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955, huwapandisha vijana mori. Mwiraqw, Mbarabaig na Mnyisanzu, watu wa lugha zisizo na undugu hata kidogo, huafikiana kwa dakika mbili kwamba nao watawinda. Dakika ya tatu mmoja wao anaikumbuka Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pamoja na leseni na ada zake. Mbarabaig anasema mbuzi anao. Mwiraqw anajitolea kutafuta kuni, Mnyisanzu analeta chumvi. Moshi unapopanda tu, wanatokea watu sita ambao hawakuwepo kwenye mipango, kila mmoja na kisu chake mfukoni, wakiuliza mbuzi huyu ni wa nani huku wakiwa wameshakaa.