Wiki ya Bajeti Maktabani

Jumatatu

Maswali bungeni huanza saa 3 asubuhi, kwa hiyo saa moja na nusu mlango wa maktaba ya Bunge uko wazi. Wa kwanza kuingia leo alikuwa mheshimiwa mwenye swali la nyongeza kuhusu umri wa kuolewa. Alitaka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nikamtolea jalada, akafungua, akanigeuzia: ukurasa wenye kifungu cha 13 haupo. Umekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, kiasi kwamba hujui kama umepungua mpaka usome namba za kurasa. Hicho ndicho kifungu kinachoweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 na wa kuolewa kuwa miaka 15. Cha 17, kinachohusu ridhaa ya mzazi, kilikuwapo. Vyote viwili Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Ndiyo maana haupiti mkutano bila mtu kuja kuvitafuta.

Nikaenda kuchapisha nakala kutoka kwenye kompyuta. Printa ikatafuna karatasi. Nikafungua kifuniko, nikaivuta iliyojikunja, nikachapisha upya. Mheshimiwa aliipokea kengele ikilia, akaisoma akitembea. Aliyekata ukurasa ule aliihitaji sheria kwa asubuhi moja tu, lakini amewanyima wote watakaomfuata.

Jumanne

Msaidizi wa kamati mojawapo alikuja kutafuta hotuba ya Mwalimu Nyerere. "Dada, ile ya Uhuru, aliyoitoa bungeni." Kijana wetu wa rafu akampa majalada ya Desemba 1961, maana ndiyo Uhuru. Akafunua ukurasa mmoja mmoja hadi saa sita, uso ukizidi kukunjamana. Nilipopita mezani kwake nikamuuliza anakumbuka nini ndani ya hotuba hiyo. Akasema, pale Mwalimu anapotangaza wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Basi hiyo si ya 1961. Ni ya tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri.

Watu hukumbuka hotuba kwa tukio: mwaka wa njaa, wakati wa vita, siku fulani alipolia. Hansard, taarifa rasmi ya mijadala ya Bunge, inajua mkutano, kikao na tarehe, basi. Kazi ya mkutubi ni kusimama katikati ya kumbukumbu hizo mbili. Nimemweleza kijana kwamba mtu akitaja mwaka, kwanza amuulize anakumbuka maneno gani, ndipo aende rafuni. Asubuhi nzima ya msaidizi yule ilipotea bila mtu yeyote kufanya uzembe.

Jumatano

Chumba cha majalada ya zamani kilikuwa na joto, na mtu akaona vema kuingiza hewa. Aliuwekea mlango wa kuzuia moto boksi la vitabu vya bajeti ili usijifunge. Nililikuta saa nane mchana likiwa limekaa pale kama mgeni aliyekaribishwa. Nimelisogeza, mlango umejifunga wenyewe kama ulivyotengenezwa ujifunge.

Nimewasimulia wenzangu habari ya Ottawa. Usiku wa tarehe 3 Februari 1916 jengo kuu la Bunge la Kanada liliungua, na watu saba wakafa. Maktaba iliyoungana nalo kwa nyuma ilisalimika, kwa sababu karani wake, Michael MacCormac, aliagiza milango ya chuma ifungwe. Hadi leo jengo la maktaba hiyo lipo. Majalada yetu ya miaka ya mwanzo mengine yamebaki nakala moja, na karatasi yake imekuwa ya njano na kavu. Joto la chumbani tutalivumilia.

Alhamisi

Siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Waheshimiwa wawili wa vyama tofauti waliomba kitu kilekile bila kujuana: hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri moja, na majibu yaliyowahi kutolewa bungeni. Nakala zote mbili zilitoka kwenye printa moja, kila moja ikiwa na jina la mwombaji juu yake. Wa kwanza kufika akabeba fungu la mwenzake.

Nilimwahi kwenye korido. "Mheshimiwa, samahani, hilo si lako." Akaangalia jina, akanitazama, akarudisha bila neno. Sijui alisoma kiasi gani. Mbunge akijua kwamba anachouliza maktabani kitafika upande wa pili kabla hajasimama, hataturudia tena. Atasimama na tetesi mkononi, na wananchi ndio watakaolipia. Kuanzia mchana huu karatasi ya juu ina namba tu, na jina linabaki kwenye daftari langu, lililo ndani ya droo yenye ufunguo.

Ijumaa

Wanafunzi wa sekondari waliokuja kuangalia kikao kutoka ukumbi wa wageni walipitishwa maktabani. Binti mmoja akauliza kama mbunge wao amewahi kutaja mradi wa maji wa kijiji chao. Nikaandika jina la kijiji kwenye kompyuta: hakuna kitu. Wenzake wakacheka. Mwalimu wao akasema, "Mmeona?"

Nikambadilishia tahajia. Jina la kijiji lina *ng'* mwanzoni. Nikaondoa ile ritifaa, likatokea mara moja. Nikaweka *r* palipokuwa na *l*, likatokea tena. Waandishi wa Hansard huandika wanachosikia, na waheshimiwa huongea mbio dakika zao zinapokaribia kuisha. Mbunge wao alikuwa ameuliza na waziri alikuwa amejibu, tena kwa kutaja mwaka wa fedha ambao mradi ungekamilika. Binti akanakili jibu lote kwenye daftari lake la Uraia, pamoja na tarehe ya kikao. Kisha akauliza kama mwaka huo wa fedha umekwisha kupita. Umepita.

Nimeanza orodha ya majina ya vijiji na namna zote yanavyoandikwa, nayo itakuwa ndefu.

Wewe usiyeweza kufika hapa, Hansard zimewekwa kwenye tovuti ya Bunge, na huhitaji kibali cha mtu kuzisoma. Tafuta jina la kijiji chako, na usipolipata libadilishe herufi ujaribu tena. Soma ulichoahidiwa, andika tarehe, kisha uiulize halmashauri yako.