Mtungi Uliovaa Katambuga

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, hapa Kiloleli mtungi wa gesi umepata heshima ya mkwe. Haugongwi, haukaliwi. Wengine wameushonea kitambaa cha maua kinachoufunika hadi shingoni. Ila chini uko peku, na hapo ndipo ugomvi wa kwangu ulipoanzia: mtungi wa kilo 6 uliacha duara la kutu kwenye sakafu mpya, na mama watoto akasema saruji haikununuliwa ije kupigwa mihuri.

Mpwa wangu alikuwa likizo kutoka Nungwi, Unguja, anakojaza hewa mitungi ya wazamiaji. Kakulia kwenye pamba, lakini siku hizi kila jambo analijibu kibaharia.

"Mjomba, mtungi huvishwa buti."

Akaeleza kwamba mitungi ya chuma ya kuzamia ina kitako cha mviringo, ukiiachia inalala. Kwa hiyo huvishwa kiatu cha mpira au plastiki isimame na isichubuke rangi. Humo ndani hewa imeshindiliwa mpaka baa 200 hivi, si kitu cha kuacha kibiringike kwenye boti.

Mama watoto hakusubiri amalize. Kesho yake mtungi ulikuwa gulioni kwa fundi wa katambuga, unapimwa mguu. Fundi akauzungushia kamba, akaguna, akauliza kama tunataka wa kulia au wa kushoto, kisha akashika kisu na tairi la lori.

Jioni, hela imeshatoka, mpwa ndipo akamalizia maelezo. Kule mitungi mingi ni ya alumini, ina kitako bapa, inasimama yenyewe, na wengi hawaivishi kitu. Maji ya chumvi yakinaswa ndani ya buti hayatoki upesi; yanabaki yamegusana na chuma gizani, kutu inakula usipoona. Mwenye buti inambidi alivue mara kwa mara, asuuze.

"Sisi hatuna bahari," mama watoto akafunga mjadala.

Kumbe bahari tunayo, inatoka kwenye mtungi wenyewe. Gesi iliyo kimiminika ikigeuka mvuke hunyonya joto, chuma kinapoa, na ukichemsha maharage kutwa mtungi unatoka jasho. Jasho hushuka. Ile pete ya chini ina matundu ili maji yatoke na hewa ipite. Katambuga ikayaziba yote. Tena ikaleta kuyumba, na jiko letu limekaa juu ya mtungi huo huo, kwa hiyo kusonga ugali kukawa kazi ya wawili: mmoja na mwiko, mwingine kashikilia sufuria kwa matambara, wote wamenuna. Nilipendekeza kipande cha ubao. Nikaambiwa ubao hauna mvuto.

Na mtungi wenyewe, jamani, si wa kukaa! Gesi ikiisha unampa wakala mtupu, anakupa mwingine uliojaa, ambao zamani ulikuwa jikoni kwa mtu usiyemjua. Gesi inashushwa melini Dar es Salaam na Tanga, halafu mitungi inazunguka nchi nzima peku, juu ya malori na bodaboda, wala hatujasikia mmoja ukidai viatu.

Siku ya kubadilisha, wakala aliivuta katambuga ikagoma, akaivuta tena ikatoka na maji ya rangi ya chai, yakamwagikia viatu vyake. Mende wakatawanyika kuelekea kwenye magunia ya mchele. Mtungi aliupokea akinung'unika. Katambuga akaitupa nje. Mama watoto akaifuata, akaifuta kwa kanga, maana iligharimu fedha.

Mpwa, kwa simu kutoka Nungwi, akashauri itobolewe matundu. Tukarudi kwa fundi. Akaigeuza, akaitazama, akatutazama na sisi.

"Yenye matundu si buti, hiyo ni sendo. Bei nyingine."