Nyekundu Ipi?

Kuna perege wa Bonde la Pangani anayeitwa kisayansi Oreochromis korogwe, jina alilopewa mwaka 1955 na mtafiti Mwingereza, Rosemary Lowe. Kwa hiyo mtu wa Korogwe akiweka tangi la kioo sebuleni asiambiwe anaiga Wazungu. Amemkaribisha mwenyeji ndani. Na ugomvi hauletwi na samaki. Unaletwa na kile kiboksi cha kupimia naitreti inayotokana na kinyesi chao: chupa mbili za dawa, tyubu ya kioo, na kadi ya vijumba vya rangi vinavyoanza na njano, vikapita kwenye chungwa, vikaishia kwenye damu ya mzee. Maelekezo yanasema linganisha, basi. Baba anasoma 40. Mama anasoma 20 na kuuliza kama baba amevaa miwani. Mtoto, mwenye macho mazima kuliko wote, anasema rangi hiyo haimo kabisa kwenye kadi, na anaambiwa akalale.

Ninavyoona mimi, kiboksi hicho kinajua kusema mambo mawili tu, kwamba maji yanafaa au yamezidi, na vituko vyote vinatokana na sisi kukidai namba. Itazame kadi yenyewe. Kwenye kadi nyingi vijumba hupanda maradufu: 5, 10, 20, 40, 80, 160. Chini huko jicho halipati taabu, maana njano ikigeuka chungwa hata aliyelewa ataona. Juu kuna nyekundu, halafu kuna nyekundu nyingine inayodai kuwa na deni mara mbili ya ile ya kwanza. Kisha ongeza suala la mwanga. Tyubu ileile ina rangi moja barazani saa nne asubuhi, rangi ya pili chini ya balbu ya sebuleni, na ya tatu kwenye tochi ya simu umeme ukikatika. Na umeme ukikatika ndipo watu hukumbuka kupima, kwa sababu pampu ya hewa imenyamaza.

Huko Handeni mambo ni mazito zaidi. Kadi imetengenezwa kwa kuamini kwamba maji yalikuwa hayana rangi kabla ya kutiwa dawa, ilhali maji ya lambo huja na rangi yake, inayokaribia chai ya maziwa. Aliyechota huko anaweza kujikuta anasoma udongo wa wilaya na kuuandika kuwa ni kinyesi cha samaki. Dawa ipo: chukua tyubu ya pili ya maji hayohayo yasiyotiwa kitu, uiweke mbele ya kijumba cha kadi, ili tope liwe pande zote mbili za kesi. Hata hivyo mzozo huu una asili yake. Peter Griess, Mjerumani aliyegundua kemia inayozaa wekundu huo katika karne ya 19, alikuwa mwanakemia wa kiwanda cha bia Uingereza. Joseph Lovibond, aliyeanzisha mwaka 1885 biashara ya vioo vya kulinganishia rangi, naye alikuwa mtengeneza bia. Kitu chenye wazee wa namna hiyo kikizua kelele sebuleni, tusijifanye tumeshangaa.

Wapo watakaosema dawa ni kununua mashine inayoandika namba. Lakini mashine nyingi za mkononi zinasoma rangi ya kemia ya aina ileile, na makosa makubwa hutokea kabla ya kusoma. Katika vipimo vingi vya chupa, ya pili ina unga wa zinki unaotuama chini. Zinki ndiyo inayogeuza naitreti kuwa naitraiti ili rangi itokee. Usipoitikisa chupa kwa nguvu, maji machafu yatatoka njano safi, nawe utajisifu. Mashine haitakuumbua, itakusifu pamoja nawe, ikiongeza nukta na desimali. Simu nayo ina kamera iliyozoea kupendezesha nyuso za watu, na sioni kwa nini iwe mkweli mbele ya tyubu. Halafu kuna vipimo vinavyohesabu naitreti nzima na vingine vinavyohesabu naitrojeni iliyomo tu: 50 ya huku ni 11 ya kule. Majirani wawili wanaweza kutukanana wakiwa wamepatia wote.

Hoja nzito zaidi ni ya mwenye tangi Handeni, mji unaosukumiwa maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe na ambako bomba likikauka familia hununua kwa madumu. Kwake kubadili robo ya maji ya tangi ni hela. Atauliza: nimwage kwa ushahidi wa nyekundu isiyojulikana ni ipi? Nakubali ana haki, ila bado hahitaji namba kamili. Naitreti hujilimbikiza polepole. Wauaji wa haraka ni amonia na naitraiti. Rangi ikimchanganya, achanganye sehemu moja ya maji ya tangi na tatu za maji safi ya mvua, apime, kisha azidishe kwa nne. Kesi itashuka kwenye njano na chungwa, ambako macho bado yana akili.

Wataalamu wa mpunga, zao linalolimwa Mombo hapohapo wilayani Korogwe, walishaelewa hili. Kadi yao ya rangi ya majani haimuulizi mkulima jani lina naitrojeni kiasi gani. Inauliza kama limepauka kuliko kijumba fulani. Likiwa hivyo, tia mbolea. Nao wanasisitiza asome mtu yuleyule, wakati uleule wa siku, jani likiwa kivulini. Sebuleni, basi, achaguliwe msomaji mmoja, na ningempigia kura yule mtoto. Akikosea, maji yaliyomwagwa bure yapelekwe kwenye mchicha, ambao naitreti kwake ni chakula na haujali ilikuwa 20 au 40.